Je, Wajua? Akili, Ubongo na Pweza

Je, wajua kwamba swali lililomkwamisha mwanafalsafa René Descartes liliulizwa na binti mfalme wa miaka 24? Mei 1643 Elisabeth wa Bohemia, aliyekuwa akiishi uhamishoni Uholanzi, alimwandikia barua: ikiwa nafsi haina umbo wala uzito, inausogezaje mwili? Mwaka 1649 Descartes alitaja tezi ya pineali, iliyo ndani ya ubongo, kuwa ndipo nafsi na mwili hukutania. Lakini kutaja mahali pa kukutania si kueleza jinsi kimoja kinavyokisukuma kingine. Pengo hilo ndilo linalowapa nguvu hadi leo wafuasi wa fizikalizimu, wanaoshikilia kwamba kila kilichopo, akili ikiwamo, ni cha kimaumbile.

Je, wajua kwamba mzaliwa wa Axim, katika Ghana ya leo, aliingia katika mjadala huo mwaka 1734? Anton Wilhelm Amo, aliyepelekwa Ulaya akiwa mtoto, alitetea tasnifu yake Wittenberg, Ujerumani, akisema akili haihisi chochote: kuhisi ni kazi ya mwili ulio hai. Amo aliamini bado kwamba akili yenyewe si ya kimaumbile. Hata hivyo, hisia alikwisha kuzihamishia upande wa mwili. Anastahili kusomwa darasani bega kwa bega na Descartes.

Wajua kwamba U. T. Place, aliyeandika mwaka 1956 kuwa fahamu yaweza kuwa shughuli ya ubongo tu, kama ambavyo radi si kitu kingine ila chaji za umeme zinazokimbia angani, aliacha ubongo wake mwenyewe? Alifariki mwaka 2000, nao ukahifadhiwa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, alikowahi kufundisha.

Je, wajua kwamba hoja iliyoitikisa nadharia hiyo ilipitia kwa pweza? Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na zaidi ya nusu zimo katika minyiri yake. Mwaka 1967 Hilary Putnam wa Marekani aliuliza: ikiwa maumivu ni hali fulani ya ubongo kama wetu, je, kiumbe mwenye ubongo wa namna nyingine kabisa haumii? Ni vigumu kukubali hivyo. Putnam akasema maumivu yatambuliwe kwa kazi yanayofanya ndani ya kiumbe, si kwa malighafi yaliyoundwa nayo.

Miaka saba baadaye mwanafalsafa Jerry Fodor alilipanua jambo hilo kwa mfano wa fedha. Noti ni karatasi, sarafu ni chuma, salio la simu ni chaji katika mitambo. Kila malipo ni tukio la kimaumbile. Lakini hakuna sheria ya fizikia inayoeleza mfumuko wa bei, kwa kuwa vitu vinavyotumika kama fedha havina umbile moja. Hapa ndipo wengi huchanganya madai mawili. Kusema kila kitu ni cha kimaumbile ni dai moja. Kusema kila elimu, kuanzia saikolojia hadi uchumi, inaweza kurudishwa kwenye fizikia, kama wanavyodai wafuasi wa ridukshonizimu, ni dai jingine, tena zito zaidi. Waweza kulikubali la kwanza na kulikataa la pili bila kujipinga.

Au huwezi? Jaegwon Kim, mzaliwa wa Korea, alibana hapo. Ikiwa shughuli za neva zinatosha kuuinua mkono wako, hamu yako ya kunywa maji imebakiwa na kazi gani? Ama hamu hiyo ndiyo shughuli yenyewe ya neva, ama haifanyi lolote. Sijaona jibu jepesi kwa hoja hii.

Lakini wajua kwamba Kim mwenyewe, katika kitabu chake cha 2005, alikiri kuna mabaki yasiyorudishika: jinsi maumivu yanavyouma, jinsi wekundu unavyoonekana kwa anayeuona? Frank Jackson wa Australia alivuka akielekea upande wa pili. Mwaka 1982 alimbuni Mary, mwanasayansi aliyejua kila jambo la kifizikia kuhusu rangi ilhali amelelewa katika chumba cha rangi nyeusi na nyeupe, ili kuonyesha kwamba fizikia haimalizi yote. Baadaye akabadili msimamo na kuikubali fizikalizimu.

Na wajua kuhusu dau la mvinyo? Mwaka 1998 mtaalamu wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya fahamu katika neva ingekuwa imejulikana wazi. Juni 2023, jijini New York, Koch alikubali kushindwa na kumkabidhi Chalmers mvinyo. Hata angeshinda, swali la Kim lingebaki: kujua neva zipi huwaka mtu anapoumia hakujatuambia kama kuwaka huko ndiko kuumia kwenyewe.