Ngazi ya Sauti, Mwenzi wa Mpiga Gitaa Aliye Peke Yake

Jioni, kazi zikiisha, pita katika mitaa ya miji yetu, au katika kijiji chochote penye shule, nawe hutakosa kusikia gitaa. Si gitaa la dansi lenye vipaza sauti. Ni mtu mmoja tu, ameketi juu ya kiti kifupi mlangoni pake, anajipigia mwenyewe. Hana mwalimu, hana wenzi, wala hangoji kusifiwa. Apiga ili kupumzisha moyo. Wapigaji wa namna hiyo ni wengi kuliko wale tunaowaona jukwaani, nasi tu mmoja wao. Kwa ajili yao twaandika leo.

Kupiga peke yako kuna raha yake: hapana akuharakishaye, hapana akuchekaye. Lakini katika raha hiyo hiyo imo hatari, kwa maana mtu aliye peke yake hujisamehe upesi. Sisi wenyewe tulijifunza jambo hilo kwa aibu.

Tulipokuwa mwalimu kijana katika shule ya porini, tulijua nyimbo sita au saba, nasi tulizipiga kila jioni. Siku moja wanakwaya waliokuwa wakijitayarisha kwa arusi walituomba tuwafuate kwa gitaa. Wimbo wenyewe tuliupiga nyumbani mara mia. Lakini waliuanza juu kidogo kuliko tulivyozoea, na vidole vyetu havikujua pa kwenda. Wakatuhurumia, wakashuka mpaka mahali petu. Tukaanza tena. Katika mstari wa tatu wao walikuwa wamekwisha pita, nasi tungali nyuma tukitafuta uzi. Wakasimama kutungoja. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu tukaliegemeza gitaa ukutani, tukasema ya kwamba uzi umelegea. Hapakuwa na uzi uliolegea.

Usiku ule tulimweleza mke wetu, aliyekuwa akichambua maharagwe. Akasema pasipo kuinua macho: «Baba Yohane, wimbo ule huchechemea kila ufikapo pale pale. Tangu tulipooana nausikia hivyo.» Tukamwuliza: «Mbona hukuniambia?» Akajibu: «Nalidhani ndivyo ulivyotungwa.»

Naam, ndivyo ilivyo. Penye ugumu tulipunguza mwendo, penye wepesi tukakimbia, na sikio letu likazoea. Tena mkono wetu ulijua mahali pa kushika, lakini haukujua sauti. Tulikosa shahidi asiyetuonea haya. Shahidi huyo tulimpata katika ngazi ya sauti, ambayo waalimu wa muziki huiita gamu.

NGAZI HII NI NINI?

Kila mtoto aliyeimba shuleni ajua do, re, mi, fa, sol, la, si. Mwanzo wa majina hayo ni kazi ya mwalimu mmoja. Katika karne ya 11 mmonaki wa Italia, Guido wa Arezzo, alitaka waimbaji wake wajifunze upesi nyimbo wasizopata kuzisikia. Akatwaa utenzi wa Kilatini wa kumsifu Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao vipande vyake sita vya kwanza huanza kila kimoja juu zaidi ya kile kilichotangulia. Silabi za mwanzo za vipande hivyo ndizo ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye si iliongezwa, na ut ikageuzwa kuwa do.

Vidato vya ngazi hiyo havilingani. Toka do mpaka re ni hatua nzima; toka re mpaka mi ni hatua nzima; lakini toka mi mpaka fa ni nusu hatua tu. Kisha fa, sol, la na si zaachana kwa hatua nzima nzima, na toka si mpaka do ya juu ni nusu hatua tena. Ni mpango huo unaoipa ngazi sura yake. Ukikosea kidato kimoja, hata mtoto apitaye njiani atageuza shingo. Hiyo ndiyo faida yake kwa mtu aliye peke yake: wimbo uliokosewa waweza kudhaniwa kuwa umetungwa hivyo, lakini ngazi iliyokosewa haimdanganyi mtu.

KATIKA SHINGO YA GITAA

Vile vyuma vidogo vinavyokata shingo ya gitaa hupima nusu hatua. Sogeza kidole chuma kimoja, nawe umepanda nusu hatua. Sogeza viwili, umepanda hatua nzima. Kwenye chuma cha 12 uzi umegawanyika nusu kwa nusu, nao hutoa sauti ile ile ya mwanzo, ila juu zaidi.

Kwanza linganisha nyuzi zako. Uzi mwembamba kupita wote huitwa wa kwanza, na mnene kupita wote wa sita. Toka mnene zaitwa mi, la, re, sol, si, mi. Bonyeza uzi wa sita kwenye chuma cha 5, utapata sauti ya uzi wa tano ulio wazi. Fanya hivyo hivyo kwa nyuzi zinazofuata, ila uzi wa tatu uubonyeze kwenye chuma cha 4 ili kuupata wa pili.

Sasa panda ngazi ya do. Uzi wa tano, chuma cha 3: do. Uzi wa nne wazi: re, chuma cha 2: mi, chuma cha 3: fa. Uzi wa tatu wazi: sol, chuma cha 2: la. Uzi wa pili wazi: si, chuma cha 1: do ya juu. Kila chuma kina kidole chake: cha shahada chuma cha 1, cha kati cha 2, cha pete cha 3. Ukiisha kupanda, shuka kwa njia ile ile. Wengi hupanda vizuri, lakini katika kushuka hujikwaa.

Ukiondoa fa na si, zasalia sauti tano, wala hapana tena nusu hatua hata moja kati yake. Nyimbo nyingi za mababu katika Afrika zatembea juu ya ngazi ya sauti tano. Tena ukianza la, ukapanda kwa sauti zile zile saba mpaka la ya juu, utasikia ngazi nyingine yenye huzuni kidogo. Mali yote hiyo imo katika nyuzi nne tu, wala hujasogeza mkono wako.

ROBO SAA KILA JIONI

Haya ndiyo tuliyoyaona yanafaa.

Kwanza, pole pole. Chagua mwendo ambao huwezi kukosea, hata ukiona haya kwa upole wake. Vidole hujifunza makosa kama vile vinavyojifunza mema.

Pili, imba majina ya sauti unapozipiga. Mkono peke yake hukariri mahali. Sauti yako hulazimisha sikio kufanya kazi.

Tatu, tafuta wa kukushikia mapigo. Mashine ya metronomu ni njema, lakini mguu pia wafaa, maadamu haungoji vidole. Na siku hizi simu nyingi zaweza kunasa sauti. Nasa ngazi yako, kisha isikilize kama kwamba ni ya mtu mwingine. Hapo utasikia kile alichokisikia mke wetu miaka yote ile.

Nne, ngazi isiwe nyumba. Mtu hakai juu ya ngazi. Huipanda ili afike mahali. Apigaye gamu tu, asipige wimbo, ni kama mtoto ajuaye hesabu za kuzidisha asiyetumwa sokoni hata siku moja. Kwa hiyo, robo saa ikiisha, twaa wimbo uujuao, uutafute katika ngazi ya do. Kesho uutafute huo huo katika ngazi ya sol. Hapo hutahitaji tena kuwaomba waimbaji washuke mpaka ulipo.

GUMBA LISILONGOJA

Kupiga peke yako si jambo la kudharauliwa. Katika miaka ya 1950, wapigaji wa Katanga walijulikana kwa gitaa moja tu, na mara nyingi mwenzi aliyegonga chupa ili kushika mapigo. Aliyesifika sana kati yao ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akanasa nyimbo zake, mmojawapo ni «Masanga». Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani, lakini sauti ya gitaa lake yasikika hata leo.

Yeye alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba latembea katika nyuzi nene bila kusimama, na shahada yaimba katika nyuzi nyembamba, hata msikilizaji adhani ya kwamba wapo watu wawili. Sikilizeni gumba lile: halingoji. Shahada ikiwa na kazi ngumu, gumba laendelea. Mtu yule aliketi peke yake, lakini alikuwa na mwenzi katika mkono wake mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, usione haya kuanza do, re, mi kama mtoto wa darasa la kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Nanyi mlio nyumbani pamoja na mpiga gitaa, mkisikia wimbo wachechemea, mwambieni kwa upole. Pengine haukutungwa hivyo.

Na wanakwaya wale? Baada ya miezi minane walituita tena, kwa arusi nyingine. Waliuanza wimbo juu, kama walivyopenda wao. Tuliketi kando, tukahesabu kwa mguu, tukafuata mpaka mwisho. Hawakutusifu hata kidogo. Lakini hapana aliyesimama kutungoja.