Ngoma Inapoota Moto

Haya wapwa zangu, sogeeni karibu. Leo Mjomba anawapeleka Bagamoyo kwenye tamasha. Hatupandi basi. Tunakwenda kwa hadithi tu, na nauli yake ni maswali. Asiye na swali ateremke!

"Mjomba, Bagamoyo kuna nini?"

Umeshalipa nauli, kaa kiti cha mbele. Bagamoyo kuna bahari. Kuna minazi. Na kuna chuo kimoja karibu na ufukwe, ambacho mwanafunzi akikaa kitini kutwa nzima bila kutingishika, mwalimu humuuliza kama anaumwa.

"Chuo gani hicho?"

Kilipoanza, mwaka 1981, kiliitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hapo watu husomea ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, uchoraji na uchongaji. Wapo hata wanaosomea taa za jukwaani. Na tangu 1982 chuo hufanya tamasha. Vikundi hutoka mikoani, nchi za jirani na ng'ambo.

"Kwa hiyo mtihani wao ni kucheza?"

Kucheza, na kuandika pia, msifurahi sana! Lakini siku ya tamasha msahihishaji si mwalimu. Msahihishaji ni wewe uliyekaa pale na karanga zako. Watu wakianza kuinuka kwenda kununua mihogo wakati unaigiza, ujue maksi zako zimeshatoka.

Sasa tufike asubuhi, kabla umati haujajaa. Nyuma ya jukwaa kuna moto mdogo wa makuti makavu. Ngoma zimepangwa kuuzunguka, nyuso zao zimeelekea motoni.

"Mjomba, wanazichoma!"

Hapana, hawazichomi. Lakini umeuliza vizuri sana. Wakubwa wengi hupita pale kila mwaka na hawaulizi. Basi tuiulize ngoma yenyewe. Ngoma, mbona unaota moto na jua limeshawaka?

"Mimi," ikasema ngoma kwa sauti nzito ya usingizi, "ni gogo lililochimbwa ndani, nikawambwa ngozi. Usiku upepo wa baharini huja na unyevu. Ngozi yangu huunywa. Ikiunywa, hulegea. Ukinipiga sasa hivi nitasema bu tu, kama mtu aliyejaza ugali mdomoni. Moto unakausha ule unyevu. Ngozi ikikauka inajivuta, inakaza. Hapo ndipo nasema ti!"

"Ngozi ikikaza, kwa nini sauti inabadilika?"

Ee, hilo ndilo swali lenyewe! Mnakijua kitanda cha kamba cha bibi? Kamba zikilegea, ukikirukia kinakumeza, na kurudi juu ni taratibu. Babu akizikaza, kinakurusha juu papo hapo. Ngozi nayo ni hivyo hivyo. Iliyolegea hutetemeka polepole, na sauti yake ni nzito. Iliyokaza hutetemeka upesi upesi, na sauti yake hupanda.

Tazameni yule kijana. Anagonga ngozi kwa vidole viwili, anasikiliza, anarudisha ngoma motoni. Anagonga, anasikiliza, anarudisha. Hatazami saa. Sikio ndilo linalomwambia. Akizidisha moto, ngozi itapasuka na ngoma italala siku nzima. Pembeni mwenzake anabandika kidonge cha nta katikati ya ngozi ya ngoma kubwa. Hiyo ni ya kuiongezea uzito, sauti izame chini zaidi. Mmoja anapandisha, mwingine anashusha, mpaka ngoma zipatane.

Mchana umefika. Sikilizeni hao wanaoingia!

"Mjomba, mbona wameshika majembe? Wanakwenda shambani?"

Karibu upatie! Hiyo ni bugobogobo, ngoma ya Wasukuma. Huko Usukumani watu hukusanyika kulima shamba la mwenzao, na ngoma hupigwa ili majembe yapande na kushuka pamoja. Mkono uliochoka huvutwa na mdundo. Baadaye jembe lilipanda jukwaani, nalo likajifunza kurushwa juu, kuzungushwa na kudakwa. Mwangalie yule wa kwanza kulia. Anacheza kama aliyezaliwa Mwanza, lakini huenda amekulia Moshi au Pemba, na bugobogobo ameisomea hapa chuoni kama nyinyi mnavyosomea hesabu. Tofauti ni kwamba yeye anatabasamu.

Kuna jambo moja silipendi, ngoja niliseme. Siku hizi vipaza sauti hufunguliwa mpaka ngoma iliyoota moto kwa saa nzima haisikiki. Kazi yote ya asubuhi imepotea hivyo! Haya, tuendelee.

"Kile kisanduku chenye vyuma ni nini?"

Kile ni ilimba ya Wagogo. Vyuma vile hupigwa kwa vidole gumba. Vingine havipigwi kabisa. Vipo ili vitetemeke pamoja na jirani zao. Sogea uone zaidi. Unaona tundu pale kwenye ubao? Limezibwa na kitu cheupe, chembamba kuliko karatasi. Buibui ndiye aliyekitengeneza, kufunikia mayai yake. Chuma kikipigwa, utando ule unalia zzz. Fundi hununua mbao, hutafuta chuma, lakini kwa buibui huenda kuomba.

Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alifundisha hapa Bagamoyo, akaipeleka ilimba na zeze mpaka majukwaa ya Ulaya. Alifariki 2003. Zamani ala hizo zilikuwa mikononi mwa wanaume. Leo binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanazipiga wenyewe, na watu wanalipa kuwasikia.

Sarakasi zimeanza. Mtu juu ya mtu, juu ya mtu!

"Mjomba, wa chini haumii?"

Anaumia akikanyagwa vibaya. Anayepanda haweki mguu katikati ya paja. Anauweka juu kabisa, karibu na nyonga, uzito ushuke kwenye mifupa. Msijaribu nyumbani, mama yenu atanitafuta mimi.

Jua limezama, taa zimewaka, na kikundi cha maigizo kinajiandaa. Lakini ngoma haijanyamaza. Mama mmoja ameinuka kwenye viti. Anakwenda kwa maringo, kanga kiunoni, mkono juu na noti kidoleni. Amefika kwa mpiga ngoma, ameibandika noti kwenye paji lake la uso lenye jasho. Imeganda!

"Mjomba, kwa nini amembandika pesa usoni?"

Anamtunza. Amependezwa, na makofi ameona hayatoshi. Kijana naye haruhusiwi kuacha kupiga ili aichukue. Akiacha, wachezaji watasimama mguu mmoja hewani.

"Na mimi naweza kumtunza?"

Kwa nini usiweze? Shika mia tano hii. Pita pale pembeni, usiruke waya za taa. Ukifika, mpe yule wa ngoma ndogo mwishoni. Hakuna aliyemkumbuka tangu jioni.