Kibali Kilikuwepo

Julai 2006 meli ya Probo Koala ilifika Amsterdam na mabaki ya petroli chafu iliyosafishwa kwa magadi makali humo humo melini. Kampuni ya bandarini ilikuwa imekubali kuyapokea kwa takriban yuro 27 kwa mita ya ujazo. Yalipoanza kupakuliwa, wakazi wa jirani wakalalamikia harufu, sampuli zikapimwa, na bei ikaruka hadi karibu yuro 1,000. Trafigura, waliokuwa wameikodi meli, hawakutaka kulipa. Mabaki yakarudishwa melini.

Mwezi uliofuata meli ilikuwa Abidjan, Côte d'Ivoire. Huko ilikuwepo kampuni iitwayo Tommy, yenye kibali ilichopata majuma machache tu kabla, iliyokubali kuyaondoa kwa dola 35 kwa mita ya ujazo. Kiwanda cha kuyasafisha hakikuwepo. Kuanzia usiku wa kuamkia Agosti 20, malori yalimwaga shehena hiyo kwenye dampo la Akouédo na sehemu nyingine nyingi za jiji. Watu waliamkia harufu ya mayai viza, macho yakiwawasha, wengine wakitokwa damu puani. Zaidi ya 100,000 walikwenda kutafuta matibabu. Serikali ilisema watu wasiopungua 15 walifariki. Trafigura ilikana kwamba mabaki hayo yangeweza kuua.

Ukiangalia makaratasi, kila kitu kilikuwa sawa: mkataba, kibali, malipo. Hata sheria za kimataifa zilikuwepo. Mkataba wa Basel ulipitishwa 1989, na nchi za Afrika zikaandika wa kwao, wa Bamako, mwaka 1991, kuzuia hasa biashara ya namna hii. Lakini wa Bamako ulianza kutumika 1998, na nchi wanachama zikafanya mkutano wao wa kwanza 2013! Huo ndio mwendo wetu wa utekelezaji.

Tusidhani Ulaya hawakosei. Kati ya 1967 na 1978 Ujerumani ilishusha takriban mapipa 126,000 ya taka za mionzi katika mgodi wa zamani wa chumvi wa Asse. Mgodi ulikuwepo tayari, kwa hiyo ulikuwa rahisi. Leo maji yanavuja ndani maelfu ya lita kwa siku, na serikali imeamua mapipa yatolewe, kazi ngumu kuliko ile ya kuyashusha.

Ufini walianza kwa kuuliza. Sheria yao inaipa halmashauri ya eneo haki ya kukataa mradi wa taka za nyuklia, na serikali kuu haiwezi kuipuuza. Halmashauri ya Eurajoki ilikubali hifadhi ya taka hizo mwaka 2000, bunge likaidhinisha 2001, uchimbaji ukaanza 2004 kwenye mwamba, kuelekea zaidi ya mita 400 chini ya ardhi. Wenyeji walikuwa wakiishi jirani na vinu vya nyuklia kwa miaka, wakijua faida na hatari yake. Ridhaa yao haikununuliwa kwa semina ya siku moja.

Akouédo hawakuulizwa. Sehemu kubwa ya uchafu ule, pamoja na udongo ulioloweshwa, ilikuja kuzolewa na kupelekwa Ufaransa kuteketezwa. Kwa hiyo diwani anayeletewa mradi wa taka za sumu kwenye kata yake asiridhike kuonyeshwa kibali. Adai kuonyeshwa tanuri, liwe linawaka, na aulize nani atalipa siku likizimika.