Soksi Kuukuu Yawa Mwalimu

Wazazi, msiitupe soksi iliyotoboka. Ishoneeni vifungo viwili viwe macho, na kipande cha kitambaa chekundu kiwe ulimi. Basi, mmekwisha pata karagosi, yaani mwanasesere wa kuvaliwa mkononi. Huyu aweza kumsaidia sana mtoto mwenye ulemavu.

Kwa nini? Mtoto asiyesema vizuri huona haya. Amechekwa mara nyingi, hata amechagua kunyamaza. Lakini akimvaa karagosi, anayesema si yeye tena, ni karagosi. Neno likikosewa, aliyekosea ni karagosi. Woga hupungua, na maneno huanza kutoka.

Tena karagosi huwafundisha hata wale wanaocheka. Nchini Marekani, mwaka 1975, ilitungwa sheria kwamba kila mtoto mwenye ulemavu apewe elimu katika shule za umma. Wengi wakaanza kusoma pamoja na wenzao, lakini si wote waliopokewa vema. Mwalimu Barbara Aiello, aliyefundisha watoto wenye ulemavu, aliona jinsi mwanafunzi alivyodhihakiwa. Mwaka 1977 akaanzisha kikundi cha makaragosi, The Kids on the Block. Mmoja wao ni Mark, kijana wa kiti cha magurudumu, mwenye kimo cha mtoto kweli. Wachezeshaji huvaa nguo nyeusi, kama Wajapani katika mchezo wao wa bunraku. Watoto humwuliza Mark maswali wasiyothubutu kumwuliza mwenzao, naye huwajibu.

Na jukwaa je? Halina gharama. Chukueni boksi kubwa la dukani. Upande wa mbele kateni dirisha, upande wa nyuma uondoeni wote. Liwekeni juu ya meza, mtoto aketi nyuma yake na kuingiza mkono. Hana haja ya kusimama, wala ya kuinua mkono juu hata uchoke. Mchezo ukiisha, boksi hubebwa kichwani mpaka kwa jirani au shuleni.

Yafaa pia kumwangalia kila mtoto na shida yake. Kama vidole havishiki, mshoneeni karagosi mpana, kisha mfungeni kwa utepe kwenye kifundo cha mkono. Kama haoni, karagosi mmoja awe wa ngozi ya mbuzi na wa pili wa pamba, apate kuwatambua kwa kupapasa. Kama hasikii, msijifiche nyuma ya boksi; aone midomo na mikono yenu mnaposema.

Anzeni na hadithi fupi: karagosi aenda kisimani, karagosi anunua chumvi. Mwacheni mtoto aamue litakalofuata, wala msimharakishe.

Kisha waiteni watoto wa jirani. Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Mtoto afichwaye chumbani hana wa kusema naye, hata akifundishwa maneno mia. Leo jioni, itafuteni ile soksi, na mlango uwe wazi.