Nyasi bandia uani: lipa fundi kwa awamu

Unataka watoto wachezee mpira nyuma ya nyumba bila kurudi wamejaa matope? Nyasi bandia ni sawa, lakini kazi kubwa iko chini yake, mahali usipoona. Kama unakaa Kitengela au Syokimau, ule udongo mweusi unaonata huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Usipochimbwa ukatolewa, kisha maramu na vumbi la mawe vikashindiliwa, uwanja utafanya mabonde.

Kwa hivyo usitume pesa zote siku moja. Nyasi lipia kwa Till ya duka lenyewe, si kwa simu ya fundi. Pesa ya msingi itoke ukishamwaga maji na kuona yanaelekea wapi. Ya kutandaza, ukishakagua viungio vimeshikwa na gundi. Jina linalotokea kabla pesa haijatoka lisome. Likiwa geni, katiza, umpigie. SMS usifute, fundi hupotea.

Halafu pima vizuri. Kwa rola za upana wa mita 2, uwanja wa mita 5 kwa 9 utakula nyasi sawa na wa 5 kwa 10. Mita mraba 5 zitakatwa na kutupwa, na umezilipia.