Mwani wa Zanzibar mu kopo ya maziwa: E407 njo nini?

Kila siku hapa Mokambo tunaona makamyo yenye shaba inavuka mpaka kuenda Zambia. Ku mpaka uleule njo kunaingia vitu vya duka: maziwa ya kopo, dawa ya meno, chokoleti ya kunywa. Mama mwenye kusoma maandiko madogo nyuma ya pakiti, mara moja moja anakuta «E407». Anauliza: «Hii namba ni nini? Haiko sumu ya batoto?»

Hapana, haiko sumu. E407 ni karagenani, unga wenye kutoka mu mwani mwekundu, majani ya bahari. Kule Zanzibar watu wanalima mwani wa kuuza tangu 1989, na wengi wao ni wanawake. Maji ikipwa, mama anaingia, anafunga vipande vya mwani ku kamba iliyokazwa kati ya vijiti. Kisha karibu juma sita anavuna, anaanika ku jua, anauza kwa kilo. Mwani mukavu unaenda inje, ku viwanda vya mbali. Mchimbaji anajua hadithi hii: kitu kinatoka kibichi, kinarudia mu pakiti, na bei haiko tena ileile.

Kazi yake ni kushika na kuzitisha. Aina ya kapa inagandisha kwa nguvu, yota inagandisha laini, lambda inazitisha bila kugandisha. Kapa inashikamana na protini ya maziwa. Njo maana kakao haizami chini ya chupa. Mu dawa ya meno inazuia maji isiachane na unga. Ku farmasi wanaitia mu siropu, na mu maganda ya vidonge yasiyo na jelatini ya nyama.

Woga unatoka wapi? Mu laboratwari wanaidunga mu muguu ya panya ili ivimbe, wapate kupima dawa za uvimbe. Lakini kudunga haiko kula. Mu 2018, wakaguzi wa chakula wa Umoja wa Ulaya waliweka kipimo cha muda: miligramu 75 kwa kilo moja ya mwili kwa siku, wakingojea uchunguzi mwingine.

Jambo kubwa liko pengine. Mwili hausagi karagenani. Inapita tu, haileti nguvu. Kwa hiyo kinywaji kizito haiko lazima maziwa mengi. Mtoto chini ya miezi sita anyonye ziwa ya mama tu; kopo yenye sukari haiko chakula yake.

Mbele ya kulipa, geuza pakiti. Kitu kinachoandikwa kwanza njo kilicho kingi. Kama maji na sukari vinatangulia maziwa, falanga ya jasho ya mine imenunua uzito, haikununua maziwa.