Ridhaa, idhini na kibali katika fomu ya mgonjwa

Maneno haya matatu yana asili ya Kiarabu, na mara nyingi moja hufasiliwa kwa jingine. Katika mazungumzo hilo halina madhara makubwa. Katika mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za afya, ambamo kila neno huwa jina la nafasi ya kujazwa, linaweza kumbadilisha mwamuzi.

Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka kwenda kwa mwombaji. Kibali ni idhini iliyokwisha kuwa hati: mtafiti anayetaka kufanya utafiti wa afya miongoni mwa wagonjwa wa Arusha huomba kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Ridhaa haina ngazi ya cheo. Ni uamuzi wa mtu juu ya mwili wake na taarifa zake. Kwa hiyo “daktari ameidhinisha upasuaji” na “mgonjwa ameridhia upasuaji” ni kumbukumbu mbili, na ya kwanza haijazi nafasi ya pili.

Kitenzi nacho kina mtego. Kuridhia ni kukubali jambo litendeke. Kuridhika ni kutosheka. Skrini inayoandika “mgonjwa ameridhika” inaeleza kwamba amependezwa na huduma, pengine baada ya kutibiwa, wala haithibitishi kwamba aliulizwa kabla. Tofauti ni ya konsonanti moja tu, lakini mbele ya baraza la uchunguzi si ndogo.

Chukua mfano wa bibi anayeteremka kutoka vijiji vya Mlima Meru, msemaji wa Kimeru, mjukuu wake akimtafsiria. Mjukuu anasema, “Amekubali,” na karani anaweka alama ya vema. Nani ameridhia? Fomu nzuri hutenga nafasi ya lugha iliyotumika, ya jina la mkalimani na ya uhusiano wake na mgonjwa. Dole gumba huthibitisha kwamba kidole kilikuwapo. Maelezo yaliyoeleweka yanahitaji ushahidi mwingine. Ndiyo maana napendelea “ridhaa baada ya maelezo”, ingawa ni ndefu kwa kitufe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na mhusika anaweza kuiondoa ridhaa aliyoitoa. Mfasiri achague “kuondoa ridhaa”, asiandike “kufuta ridhaa”. Kilichofutwa hakionekani tena, ilhali jalada linapaswa kuonyesha yote mawili: “Ridhaa ilitolewa tarehe fulani, iliondolewa tarehe fulani.” Kitufe cha “Futa” kibaki kwa makosa ya uchapaji.